Mbano wa Brandvold

Garth Teasdale alinipigia simu Jumanne moja nikiwa na unga mpaka viwikoni, akaniuliza kama ningemuuzia bastola ya marehemu mume wangu. Alitumia ile sauti yake ya upole anayowawekea wageni kutoka miji mikubwa, wale wanaomlipa awapeleke milimani kuwinda kulungu. Alisema angeitundika ukutani kambini kwake, juu ya jiko la kuni, na chini yake aweke kibao chenye jina la Orrin. Wageni wangependa sana kusikia kisa chake, alisema.

Nilimwacha aongee mpaka akamaliza. Kisa chenyewe nilikijua neno kwa neno, maana mji mzima wa Cutler unakijua, na aliyeuambia mji ni yeye.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, Garth alimwomba Orrin amsaidie kumtafuta kulungu aliyejeruhiwa na mgeni wake mmoja. Orrin hakuwa mwajiriwa wake. Alikwenda kwa sababu aliombwa, na mume wangu hakujua kusema hapana, akiwa hai hata mimi jambo hilo lilikuwa likinichosha. Wakapanda bonde la Kijito cha Stillman, wakafunga farasi chini kwenye zizi la zamani la kondoo, wakaendelea kwa miguu. Juu vichakani wakakuta kulungu amekwisha kufa na dubu amekwisha kumfanya wake. Kwa maneno ya Garth, yeye alikuwa hatua hamsini nyuma. Alisikia mlio mmoja wa bastola, kisha kimya. Alipofika, Orrin alikuwa amekufa papo hapo, hakuteseka, na bastola iko mkononi mwake imekwama. Risasi moja ilikuwa imepigwa, nne zimo ndani, na silinda haizunguki, kwa sababu kichwa cha risasi ya pili kimechomoka kwenye ganda lake kikaziba njia.

Hayo ndiyo aliyomwambia naibu wa sherifu jioni ile, akaweka sahihi. Na bastola aliyomkabidhi ilikuwa imekwama kweli, kila mtu aliiona.

Nieleze kidogo hapa, maana bila hili hamtaielewa hasira yangu. Bastola ile haikununuliwa dukani. Ilitengenezwa kwa mkono na fundi mmoja mzee wa Idaho, miezi kumi na minne Orrin akiisubiri kama mtu anayesubiri mtoto. Inabeba risasi tano tu, kwa sababu kila risasi ni nene kiasi kwamba ya sita haina pa kukaa. Risasi zake nazo haziuzwi popote. Unazitengeneza mwenyewe nyumbani: unayeyusha madini ya risasi, unamimina kwenye kalibu upate vichwa, unapima baruti kwenye mizani ndogo, unashindilia kichwa ndani ya ganda kwa mashine, na mwisho unalibana ganda shingoni ili likishike kichwa chake.

Ule mbano wa mwisho ndio wenye maneno. Bastola nzito hivyo ikipigwa inaruka nyuma kwa nguvu, na zile risasi ambazo bado hazijapigwa zinarushwa pamoja nayo. Ganda linarudi nyuma, kichwa kinataka kubaki kilipokuwa. Kama shingo ilibanwa ovyo, kichwa kinatoka kidogo kidogo mpaka kinachungulia nje ya silinda, na silinda ikifika hapo inagoma. Basi mtu anabaki na kilo mbili za chuma mkononi, na mbele yake kuna dubu.

Kwa hiyo mji ulimlilia Orrin na papo hapo ukamcheka. Mtu mwangalifu kama yule, walisema, ameuawa na mbano wake mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha neno likazaliwa kutoka jina letu la ukoo. Fundi akifunga bomba likavuja, amelifunga kwa mbano wa Brandvold. Mtu akifunga mzigo garini ukamwagika barabarani, mbano wa Brandvold. Nililisikia kwa masikio yangu duka la vyakula vya mifugo, mtu akimtania mwenzake juu ya kamba ya turubai, nami nimesimama nyuma yao na mfuko wa chakula cha kuku. Waliponiona walitazama viatu vyao.

Lakini kuna jambo mji haukulijua. Nyumbani kwetu, baruti alipima Orrin. Mashine ya kushindilia aliiendesha Orrin. Mbano nilibana mimi. Aliniachia kazi hiyo miaka ishirini na sita, kwa sababu yeye alikuwa na haraka ya mkono na mimi sina. Kila risasi iliyotoka kwenye meza ile ilipita kwenye vidole vyangu mwisho, nami ndiye niliyevuta mkono wa mashine na kuuachilia.

Kwa hiyo kama Garth alisema kweli, aliyemuua Orrin ni mimi.

Sikumwambia mtu. Sherifu aliikwamua bastola, akanirudishia baada ya mwaka, nikaiweka kabatini chini ya mablanketi. Ningeweza kuijaribu siku yoyote. Jaribio la mbano lipo na kila anayejitengenezea risasi analijua: unatia tano, unaipima ya tano urefu, unapiga nne, kisha unaipima tena ile ya tano uone kama kichwa kimesogea. Ni kazi ya robo saa. Sikuifanya. Niliogopa, na mwoga akijua anaogopa nini hapati usingizi hata kidogo. Mara nyingi nilikaa kwenye meza ile nikivuta mkono wa mashine mtupu, nikijaribu kukumbuka kama wiki ile nilikuwa na mafua, au kama nilikuwa namsikiliza dada yangu kwenye simu huku nabana.

Sasa huyu ananipigia simu anataka kuitundika juu ya jiko. Wageni wake wakae chini yake na vikombe vya wiski, awasimulie jinsi mbano ulivyomuua Brandvold, nao watikise vichwa. Nilihisi kitu kinapanda kifuani ambacho kwa miaka miwili kilikuwa kimelala kwa sababu ya ile hofu. Nikamwambia ndiyo, nauza. Nauza bastola na kila kitu chake, mashine, kalibu, madini, baruti, maganda mia mbili, na boksi la risasi zilizokwisha kushindiliwa. Ila siuzii mtu nyumbani. Mnunuzi atakuja uwanja wa shabaha, Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya watu, aijaribu kwanza.

Akasema hakuna haja ya kujaribu, ataichukua kama ilivyo, nitaje bei yoyote. Nikamwambia Arvid Stoll naye anaitaka. Hapo akasema atakuja.

Nikanawa unga, nikaandika tangazo kwa kalamu nene, nikalibandika duka la vyakula vya mifugo mahali wote wanapolipia.

Jumamosi walikuja watu zaidi ya ishirini. Nusu yao hawakuwa na nia ya kununua hata kisu cha mfukoni. Nilipanga vitu vyote kwenye meza ndefu ya mbao, na Arvid akanisaidia kubeba madini. Arvid ndiye anayeutunza uwanja ule tangu astaafu kuendesha greda la kaunti, na alikuwa rafiki wa Orrin kabla sijawa mke wa Orrin. Aliiangalia bastola akaiacha mezani bila kuigusa.

Twila Hoss, naibu wa sherifu, yule aliyepokea bastola kwa Garth jioni ile, nilikuwa nimemwomba jambo moja. Boksi la risasi ambalo Orrin alichota zile za safari ya mwisho lilikuwa bado kwenye kabati la ofisi yao, limezungushiwa utepe na sahihi yake. Nilimwomba alilete mwenyewe, asinipe mimi, na asilifungue mpaka nimwambie. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina.

Garth alifika saa nne na dakika tano, na kofia mpya. Alisalimia kila mtu kwa jina, akawapiga watu mabega. Akanijia mikono imefunguliwa, tayari kunikumbatia.

"Shemeji," akasema, "pole sana kwa usumbufu wote huu. Ungeniambia tu ningekuja kuichukua nyumbani."

"Mimi si shemeji yako," nikamwambia. "Simama pale."

Akacheka kidogo, akasimama.

Nikapanda kwenye kibao cha chini cha meza ili wote wanione, maana mimi ni mfupi. Niliwaambia wajue jambo moja kabla hatujaanza. Mbano wa Brandvold mnaoucheka, niliwaambia, haukuwa wa Orrin. Ulikuwa wangu. Kila risasi iliyo kwenye boksi la Twila niliibana mimi, na zile tano alizokuwa nazo siku ile niliibana kila moja. Mkimtukana mtu, mtukaneni aliye hai.

Arvid alivua kofia akaivaa tena.

"Basi tutajaribu," nikaendelea. "Mnunuzi atatia tano kutoka boksi lile lile. Twila ataipima ya tano. Atapiga nne, Twila ataipima tena. Ikiwa kichwa kimesogea, basi mimi ndiye niliyemuua mume wangu, na bastola Garth aichukue bure pamoja na vyote hivi. Akaitundike. Na kwenye kibao aandike jina langu."

Hapo ndipo nilipomwona Garth anatabasamu. Hakulificha tabasamu lile vizuri. Mpaka dakika ile alikuwa anatafuta namna ya kutofyatua, alikwisha kuanza kujishika bega na kutaja maumivu ya zamani. Lakini aliposikia mbano ulikuwa wa mwanamke, bega likapona. Mtu kama yule hawezi kuamini kwamba mkono wa mama wa nyumbani unaweza kubana kitu kikabanika. Akavua koti akasema sawa, kama ndivyo mama anavyotaka, yeye ataanza.

Twila akakata utepe mbele ya wote. Zilikuwa zimebaki arobaini. Garth mwenyewe akachagua tano. Arvid akatoa kipimo chake cha chuma, kile cha meno mawili kinachoweza kupima unywele, akampa Twila, naye akaipima risasi moja, akaitia alama ya wino mwekundu kitakoni, akaandika namba kwenye kifuniko cha boksi. Arvid akaitazama ile namba akakubali kwa kichwa.

"Kabla hujaanza," Twila akamuuliza Garth, "umewahi kuifyatua hii?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kwa ajili ya usalama tu, na labda ndivyo ilivyokuwa. Garth akajibu hajawahi. Orrin hakumwazima mtu bastola yake, akasema, yeye aliishika mara moja tu, siku aliyoitoa mkononi mwa marehemu. Akatuonyesha uso wa huzuni.

Akatia risasi, ile ya wino akaiweka ipigwe mwisho. Wote tukaziba masikio. Akasogea mstarini, akanyoosha mikono, akapiga.

Wale waliokuwa hawajaisikia bastola ile walirudi nyuma hatua. Vumbi liliruka kwenye tuta, si karibu na bamba la shabaha, na mikono ya Garth ilipanda mpaka juu ya kofia. Akapiga ya pili. Ya tatu. Kabla ya ya nne alipumzika, akaupuliza mkono, na watu wakacheka kwa urafiki. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama ile silinda inavyozunguka kila anapoivuta nyundo, na kila mara nilikuwa nangoja igome. Naapa niliisikia inagoma. Ikazunguka.

Akapiga ya nne.

Twila akaitoa ile ya tano, akaiweka kwenye kipimo. Alisoma mara mbili, akampa Arvid, Arvid akasoma, akavaa miwani akasoma tena.

"Ni ile ile," akasema Arvid. "Haijasogea hata kidogo, dada."

Nilishika ukingo wa meza. Watu walianza kunong'onezana, na Garth akasema kwa sauti kwamba risasi moja haiwezi kuwa ushahidi wa nyingine, huenda ile ya siku ile ilikuwa mbovu. Maneno yake hayakuwa ya kijinga. Ndiyo maana nikamwambia atie nne nyingine na ile ile ya wino abaki nayo, apige tena. Siku ile bastola iliruka mara moja tu kabla haijakwama, kwa maneno yake mwenyewe. Hii imesharuka mara nne. Tuirushe nane.

Mkono wake ulikuwa umeanza kuvimba. Nitasema ukweli, niliufurahia uvimbe ule. Alipotazama huku na huku akitafuta wa kumwokoa aliona watu waliokuja kutazama, basi akatia nyingine. Safari hii alipiga polepole, kila risasi akiuma meno, na baada ya ya saba alipangusa macho kwa bega. Ya nane ilipoisha aliiweka bastola mezani kama kitu cha moto.

Twila akapima. Alichukua kalamu akaiandika namba ya tatu chini ya zile mbili, akakigeuza kifuniko cha boksi ili wote waone. Namba zilikuwa tatu na zote zililingana.

Miaka miwili nilikuwa nimebeba kitu, na palepale kikaondoka, na mahali pake pakawa wazi, na pakajaa Garth.

Lakini aliyezungumza kwanza alikuwa Arvid. Hakuwa anaitazama namba. Alikuwa anautazama mkono wa Garth.

"Garth," akasema, "nani amekufundisha kukunja kidole?"

Garth akauliza kidole gani.

Arvid akainua mkono wake wa kulia, akatuonyesha kovu kwenye kidole cha mwisho. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Mume wangu alikuwa na vidole tisa, kimoja kilichukuliwa na mashine ya kufunga majani makavu alipokuwa na miaka kumi na tisa. Kwa hiyo alipoletewa bastola alikaa na tupa usiku kucha akaukata mpini ukawa mfupi, utoshe mkono usio na kidole cha mwisho. Mtu mwenye vidole kumi akiishika mara ya kwanza anaishika kama bastola nyingine, na ikiruka, kisigino cha mpini kinampasua kidole kile. Arvid kilimpasua. Fundi aliyekuja kuitazama kutoka Casper kilimpasua. Kila mtu anajifunza kukikunja chini ya mpini, akasema, lakini anajifunza baada ya risasi ya kwanza.

"Wewe umekikunja kabla," akasema. "Umesema hujawahi kuifyatua, na umekikunja kabla."

Garth alitazama mkono wake. Kidole cha mwisho kilikuwa kizima kabisa, bila hata mkwaruzo, na vingine vimevimba. Akasema labda alimwona Orrin akifanya hivyo. Mtu mmoja nyuma, hata simjui ni nani, akasema Orrin hakuwa na kidole cha kukunja.

Watu hawakumzomea. Ningependa wangemzomea. Walimwacha tu asimame peke yake, kila mmoja amesogea nusu hatua, mpaka uwanja ukamzunguka. Twila alimwambia kwa utulivu kwamba ana maandishi yake ofisini yenye sahihi, na kwamba huu ni wakati mzuri wa kuyasahihisha. Garth akavua ile kofia mpya. Aliniangalia mimi, siyo Twila.

Alisema bunduki yake aliiacha kwenye tandiko la farasi. Walipomkuta kulungu, Orrin alihitaji mikono yote miwili ili kumpasua, na kwa sababu kulikuwa na nyayo mbichi za dubu pale chini alimpa Garth bastola, akamwambia asimame juu ya jiwe awe macho. Alimwonyesha na jinsi ya kuishika. Orrin akainama na kisu. Dubu alipotoka, Garth alipiga mara moja, akakosa. Akakimbia.

"Na bastola," nikamwambia.

"Na bastola."

"Ilikuwa imekwama?"

Akatikisa kichwa kukataa. Kichwa cha ile risasi alikivuta mwenyewe kwa plaizi, alipofika kwenye gari lake, akakivuta mpaka silinda ikagoma.

"Zilikuwa zimebaki ngapi, Garth?"

"Nne."

Nilichukua boksi mezani. Nikamwambia afungue ule mkono uliovimba, akaufungua, sijui kwa nini alinitii. Nikaweka risasi moja kiganjani mwake, nikaweka ya pili, nikaweka ya tatu. Ya nne ilikuwa ile yenye wino mwekundu. Mkono wake ulishuka kwa uzito, akauinua. Nikamuuliza kama bado anataka kununua. Akasema hapana. Nikamwambia aniambie basi hicho kisa atakachowasimulia wageni, maana ukuta wake sasa hauna kitu. Nilikuwa nimeingiwa na utamu, siwezi kukanusha. Nilitaka abaki pale mpaka jioni na risasi zile mkononi. Nilitaka mkewe aletwe amwone.

Ndiyo maana nikauliza swali ambalo hakuna aliyelihitaji. Nilikuwa na jibu lake tayari, nilikuwa nimeishi nalo miaka miwili, ndilo jambo pekee jema katika hadithi yake yote, na nililiuliza ili tu nimsikie akidanganya tena mbele ya watu.

"Ulisema alikufa papo hapo," nikamwambia. "Ulijuaje, ikiwa ulikuwa unakimbia?"

Arvid akaniambia, dada, inatosha. Nikamwambia Garth ajibu.

"Alikuwa ananiita," akasema.

"Anakuita vipi?"

"Jina langu. Halafu akasema piga."

"Mpaka lini?"

Alianza kulia hapo, na risasi moja ikamponyoka ikaanguka kwenye kokoto. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Mpaka lini, Garth?"

"Mpaka nilipofika kwa farasi."

Mwezi wa sita uliofuata kifo cha Orrin nilipanda bonde lile na mwanangu kuweka jiwe. Tulifunga farasi pale pale kwenye zizi la kondoo, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kufunga. Mwanangu, aliyekuwa mkimbiaji shuleni, aliteremka mbio kuniletea maji nilipozidiwa na jua, nami nilikaa vichakani nikiitazama saa ya Orrin mkononi mwangu, nikimngoja. Alipofika kwa farasi aliniita nikamsikia, maana njia inazungukazunguka lakini kwa sauti si mbali. Kwa hiyo njia ile naijua.

Twila alikuwa amelifungua daftari lake juu ya meza, kati ya mizani na kalibu. Aliniuliza kwa upole kama ningependa kukaa kwenye gari lake wakati yeye anaandika.

Nikamwambia nitasimama. Nikamwambia aandike kwamba kutoka pale mpaka kwa farasi, kwa mtu anayekimbia, ni dakika ishirini.